Usishike Breki: Wimbo Wangu na Ubao wa Marehemu

SEHEMU YA SITA

Dada mmoja wa Lindi ameniandikia wiki hii. Anasema nisamehe, maana kisasi kinamla mwenye nacho. Nashukuru, dada. Mimi nimekaa nacho miaka thelathini na minne na bado nina meno yote.

Mnakumbuka tulipoachana. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Masasi, nakunja pindo la sare za kwaya, simu ikaita. Nilipoona jina la Ladislaus nikatabasamu peke yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Lakini aliyezungumza alikuwa binti yake, Getrude.

"Mama Lois, shikamoo. Baba hatunaye."

Sitawaficha kitu. Sikulia. Kitu cha kwanza nilichosema moyoni ni kwamba amekufa bila ruhusa yangu.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimweleze upesi asipotee.

Mwaka 1991 nilikuwa Dorika tu, binti wa miaka kumi na tisa, pale Newala. Korosho zilikuwa zimekufa miaka ile na maghala yalikuwa matupu. Sisi vijana tukapata ghala moja lenye sakafu ya saruji laini, tukalifanya letu. Tuliweka redio ya deki mbili kwenye kona, tukafungulia muziki mpaka mabati yatikisike, na tukateleza.

Tuliteleza juu ya mbao. Mbao zetu zilikuwa za mninga, chini tumefunga beringi za malori, na kelele zake zilisikika mpaka sokoni. Ubao mmoja tu ulikuwa wa kweli, wa kizungu, wenye magurudumu ya plastiki na picha ya chui mwekundu mgongoni. Huo ulikuwa wa Gervas. Aliachiwa na mwalimu wa kujitolea ambaye Gervas alimfanyia kazi ya bustani.

Ladislaus, mtoto wa seremala, alikuwa mchumba wangu. Gervas alikuwa rafiki yetu na alipiga gita. Mimi nilikuwa msichana peke yangu ndani ya lile ghala, na wazee walinisema hadi wakachoka.

Nikatunga wimbo. "Usishike breki, mteremko ni wetu." Mnaujua. Hakuna bodaboda wa Masasi asiyeujua. Watoto wa mjini wanaoteleza na mbao za dukani wameuweka kwenye video zao, na sasa hata mjukuu wangu anauimba akioga.

Tuliurekodi mle ghalani mchana mmoja, Ladislaus akibonyeza vitufe. Nilipomaliza ubeti wa mwisho mdogo wangu akanipigia mluzi kutoka nje kwamba foleni ya maji imesogea. Newala ile, ukiitwa kwenye foleni ya maji unaacha hata harusi yako. Nikachukua ndoo nikakimbia.

Baada ya siku tatu Gervas akaondoka kwenda Dar es Salaam. Ladislaus akaniapia kwamba ameondoka na kanda yangu. Baada ya miezi minne wimbo wangu ukapigwa redioni, na mtunzi akatajwa Gervas. Aliyeimba hakuwa mimi. Alikuwa msichana mwingine, na hakutajwa jina. Kwenye karatasi ya kanda waliandika "Gervas na wenzake", basi.

Huyo msichana nilimtafuta miaka mitano. Nilitaka tu kuliona koo lake kwa karibu.

Ladislaus na mimi tukaachana, nikahamia Masasi. Yeye akamwoa Anastasia, mwanamke mtulivu wa Mnyambe. Sikumwonea wivu. Nilikuwa sina nafasi ya wivu, chuki ya Gervas ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

Sasa Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na tamasha la nyimbo za zamani hapa Masasi, na Gervas angeitwa jukwaani kutunukiwa kama mtunzi wa "Usishike Breki". Ladislaus aliniahidi kwa simu kwamba atapanda jukwaani na kusema wimbo ni wa nani. Alikuwa na sauti ya mgonjwa lakini aliahidi. Alisema ana deni na nafsi yake.

Mtu huyo ndiye aliyekufa Jumanne. Mazishi yakapangwa Alhamisi, Mnyambe. Jumamosi ilikuwa keshokutwa yake.

Nilifunga cherehani.

Nilitoka Masasi na gari la kwanza. Mapajani nilikuwa na redio yangu ya deki mbili, ile ile ya ghalani, nimeifunga kwa kanga. Nilikuwa nimenunua na betri mpya. Abiria wakaniuliza kama naipeleka kwa fundi. Nikawaambia naipeleka msibani.

Nilishakata shauri. Shahidi amekufa, lakini msiba anao. Na mimi kwenye msiba ule nilikuwa na silaha ambayo hakuna hakimu angeweza kuninyang'anya.

Mimi ni Mmakua. Ladislaus ni Mmakonde. Makabila yetu ni watani.

Wasomaji wa kusini hamhitaji maelezo. Wa mbali nawaambia hivi: msibani mtani halii. Kazi yake ni kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kusema kwa sauti yake, na kufichua yale ambayo ndugu wanayameza. Anaweza kulizuia jeneza. Anaweza kuchukua kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka kikombolewe. Na lolote atakalosema, hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nilirudia maneno hayo njia nzima, yakawa matamu mdomoni.

Nilifika wameshakusanyika. Uani kwa Ladislaus kuna sakafu kubwa ya saruji yenye mteremko, inayokusanya maji ya mvua na kuyaingiza kwenye tangi la chini ya ardhi. Majirani walimsifu kwa kujua kuhifadhi maji. Mimi nilijua zaidi. Ile sakafu aliijenga kwa ajili ya ubao, maji yalikuwa kisingizio.

Maana ule ubao wa chui ulikuwa wake tangu mwaka ule ule wa 1991. Aliniambia Gervas alimwachia kama kumbukumbu ya kuagana. Aliuteleza mpaka amekuwa babu.

Niliingia ndani kumpa pole mjane. Anastasia alikuwa ameketi mkekani, kanga imefunika kichwa, na kina mama wa kwaya wanaimba kumzunguka. Yeye peke yake alikuwa kimya. Siyo kwa sababu ya msiba. Anastasia hajawahi kuimba, hata kanisani, hata Krismasi. Wanawake wa Mnyambe humtania kwamba alifunga koo akameza ufunguo.

"Pole, Mama Getrude."

"Nimeshapoa, Mama Lois. Umekuja na redio?"

"Nimekuja kumwigiza mtani wangu. Nipe koti lake."

Akamwambia Getrude anipe koti, kofia na ubao.

Nilipotoka nje na koti la marehemu limefika magotini, kikongwe mmoja, shangazi yake Ladislaus, akapiga makofi. "Ntani huyo kaja," akasema. "Sasa ntu wetu atazikwa vizuri."

Gervas alikuwa kiti cha mbele, ameshika karatasi ya wasifu wa marehemu. Suti ya kijivu, kofia ya kitambaa magotini. Amenenepa. Watu walikuwa wanampisha na kumwita mwanamuziki wetu.

Nikabonyeza redio. Nilikuwa na kanda ya dukani ya "Usishike Breki", ile iliyoimbwa na yule msichana asiye na jina. Sauti ikajaa uani. Watu wakaanza kucheka hata kabla sijafanya kitu.

Nikauweka ubao juu ya mteremko.

Nina miaka hamsini na mitatu na kiuno cha mshonaji. Sikuwa nimekanyaga ubao tangu nikiwa binti. Nikaweka mguu wa kushoto mbele, nikajisukuma, na Mungu wangu, mwili ulikuwa bado unakumbuka. Niliteleza ua mzima, koti likipepea, nikamzunguka katekista, nikasimama mbele ya jeneza bila kuanguka.

Vigelegele vikapigwa. Hata wachimba kaburi waliokuwa wamekuja kunywa maji walikaa chini kutazama.

Nilikohoa kama Ladislaus. Nikasema kwa sauti yake ya puani kwamba mimi ni marehemu, kwamba nimepata ruhusa fupi, na kwamba huko nilikokwenda nimeulizwa swali moja langoni likanishinda. Nimeulizwa ule wimbo wa mteremko kautunga nani.

Wakacheka.

"Nimerudi kuuliza," nikasema. "Gervas yuko wapi? Jeneza langu halitoki hapa na ubao huu haurudi ndani mpaka Gervas aseme mbele ya watu wimbo ni wa nani."

Nikaketi juu ya ubao, mbele ya jeneza, nikakunja mikono.

Kelele zikatulia kidogo. Gervas akainuka taratibu. Nilimwona anameza mate. Miaka thelathini na minne nilikuwa nimeyasubiri mate yale yapite kooni.

"Mtani," akasema, "ukiambiwa utatupisha tuzike?"

"Nitawapisha."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wimbo ni wa Dorika. Alitunga yeye. Mimi niliuweka jina langu, na halikuwa langu."

Nilijua kwamba nitakapoyasikia maneno hayo nitasikia na vyuma vikianguka mwilini mwangu. Nilifumba macho nivisikie.

Nilisikia kicheko.

Ua mzima ulikuwa unacheka. Watu walikuwa wanaangukiana. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anasema huyu Gervas naye ni mwigizaji, kamjibu mtani kisawasawa. Katekista akasema Mungu amsamehe mwizi wetu, na hapo wakacheka zaidi. Kijana mmoja akaniletea kuku wa kukombolea jeneza, akanisifu kwamba hawajapata mtani kama mimi tangu enzi za bibi yake.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, siyo ya Ladislaus, kwamba huu si utani, kwamba nasema kweli tupu, kwamba mtu huyu ameungama na wao wote ni mashahidi.

Mnajua kilichotokea? Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwa sababu hivyo ndivyo kila mtani anavyosema.

Nilikuwa nimeyapata maneno yale yale niliyoyataka, mbele ya watu mia tatu, na nilikuwa nimeyapata mahali pekee duniani ambapo hayahesabiki. Hakuna aliyenifanyia hivyo. Nilijifanyia mwenyewe, nikiwa nimevaa koti la maiti, na kuku mkononi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Gervas. Alisimama pale na karatasi yake, ananitazama, na machoni mwake sikuona ushindi. Siku ile sikujali nilichokiona. Nilimwona mwoga aliyeungama pale ambapo kuungama hakuna gharama.

Wakabeba jeneza. Ubao nilibaki nao, nikasema huo bado haujakombolewa. Wakacheka tena.

Tuliporudi kutoka makaburini, Getrude akaja kunivuta mkono. Mama ananiita chumbani, na nije na redio.

Anastasia alikuwa peke yake. Alifunga mlango, akatoa chini ya mto kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Ndani kulikuwa na kanda.

Niliitambua kabla hajanipa. Nyeupe, ufa kwenye kona, na mwandiko wangu wa miaka kumi na tisa: Dorika, Wimbo wa Mteremko.

"Hii Gervas aliondoka nayo," nikasema.

"Ilikuwa humu siku zote. Alisema akifa nikupe mkononi. Alisema kila kitu kimo."

"Umeisikiliza?"

"Nitaisikilizia wapi? Redio yetu ilikufa kabla Getrude hajaolewa."

Kwa haraka nikakosea upande. Hatimaye ikaingia. Nikabonyeza.

Kwanza kelele za bati na upepo. Halafu gita. Halafu mimi.

Sitaweza kuwaeleza. Ilikuwa sauti nyembamba, jeuri, ya msichana asiyejua chochote kitakachompata. Nilimpenda yule msichana na nikamwonea huruma. Nililia pale kama sikuwahi kufiwa kabla. Anastasia akanishika bega, na mimi nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule.

Wimbo ukaisha. Ukasikika mluzi wa mdogo wangu, ndoo ikagonga mlango, na ndala zangu zikikimbia kwenye saruji. Nikacheka na machozi yangu. Nilikuwa nimetoka kabla haijazimwa, na hakuna aliyeizima.

Nikanyoosha mkono nizime. Kisha nikasikia magurudumu ya plastiki, yale laini, yanazunguka ghalani. Na sauti ya Ladislaus, mchumba wangu, ikiwa kijana.

"Nipe huo ubao, nikupe wimbo."

"Wimbo si wako," Gervas akajibu.

"Dorika ni wangu. Chake ni changu."

"Na akijua?"

"Nitamwambia umeondoka na kanda. Hasira zote zitakuja kwako, na wewe utakuwa Dar."

Kidole cha Anastasia kikatua kwenye kitufe. Redio ikanyamaza.

Nilikuwa nimekalia ule ubao. Nilikuwa nimeukalia tangu niingie, kwa sababu chumbani hapakuwa na kigoda. Nikainuka taratibu, nikamtazama yule chui aliyechubuka. Kumbe ndiyo bei yangu. Niliuzwa kwa magurudumu manne, na asubuhi ile nilikuwa nimeyapanda mbele ya watu nikipigiwa vigelegele.

Na mtu niliyemchukia miaka thelathini na minne alikuwa amesema "wimbo si wako". Halafu akauchukua, sawa. Lakini alisema.

Aliyeniuza tulikuwa tumetoka kumfukia. Udongo wake ulikuwa bado kwenye kucha zangu.

Anastasia akaanza kusema, sauti ya chini, haraka. Akasema marehemu ameshalala. Akasema Getrude ana watoto, na watoto wana jina la babu yao. Akasema kanda hii inatosha kunipa haki yangu, wimbo umo, sauti yangu imo, mwandiko wangu upo juu. Kinachobaki mwisho hakimsaidii mtu.

"Tufute hiki cha mwisho tu," akasema. "Wimbo ubaki. Jumamosi unapanda jukwaani na kanda yako, Gervas anaaibika, na mume wangu anapumzika. Si ndicho ulichokitaka, Mama Lois? Si ulimtaka Gervas?"

Hapa ndipo mnaposubiri niwaambie kwamba nilikataa. Kwamba nilisema haki ni haki na ukweli haukatwi katikati.

Nilikubali.

Ndiyo, nilikubali. Nilifikiri juu ya Gervas jukwaani, amevaa ile suti ya kijivu, sauti yangu ikitoka kwenye spika kubwa mbele ya Masasi yote, na hakuna wa kumtetea, hata yeye mwenyewe, kwa sababu ushahidi kwamba hakuwa peke yake tutakuwa tumeufuta. Nilifikiri hivyo na nikasikia raha. Chuki ya miaka mingi haikubali kuhamishwa nyumba kwa mchana mmoja. Ladislaus keshakufa, nitamfanya nini? Gervas alikuwa nje, ana damu, ana aibu ya kuumizwa.

"Sawa," nikasema. "Tutafuta."

Anastasia akashusha pumzi. Akauliza vitufe vya kufutia ni vipi. Nikamwonyesha, kile chekundu na jirani yake, vyote viwili kwa pamoja. Nikamwambia lakini kwanza itabidi niirudishe nyuma kwa kalamu, maana kitufe cha kurudishia kilikufa zamani, na kabla ya hapo tuisikilize hadi mwisho tujue tunafuta kiasi gani.

"Hapana," akasema. "Imeisha."

"Bado inazunguka. Angalia utepe, umebaki mwingi."

"Mama Lois, yaliyobaki ni makelele tu."

Mimi ni mshonaji. Nguo ikivutika, huwa natafuta uzi. Mwanamke huyu alisema hajawahi kuisikiliza kanda hii. Amejuaje yaliyobaki?

Nikamwondoa mkono. Hakukubali, nikamwondoa kwa nguvu. Nikabonyeza.

Gervas alikuwa anauliza, "Na ataimba nani? Mimi sina sauti ya kike."

"Huyu hapa," Ladislaus akasema. "Tangu jana namfundisha. Usiogope, Dorika yuko kwenye maji, foleni ile hatoki leo. Anastasia, hebu mwimbie."

Kikohozi cha msichana. Na kisha ikaanza.

Usishike breki, mteremko ni wetu.

Ilikuwa ni ile sauti. Ile inayojulikana na nchi nzima, ile ya kanda ya dukani, ile niliyoipiga asubuhi uani kumwigiza marehemu. Nzuri. Nilikuwa sijawahi kukiri, lakini ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nikageuka kumtazama mwanamke asiyeimba hata Krismasi.

Alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Macho yake yalikuwa makavu. Hakujaribu kukana, hilo nampa.

"Nilikwenda Dar siku kumi tu," akasema. "Niliporudi nilikusikia unalia nyuma ya ghala. Tangu siku ile sijafungua koo. Niliona hiyo ndiyo adhabu yangu."

"Adhabu hujipi mwenyewe," nikamwambia. "Anayekupa ni aliyekosewa."

Nje vicheko vilikuwa havijaisha. Walikuwa bado wanasimuliana jinsi nilivyomzunguka katekista. Nikasikia nyayo zinakuja, kisha mlango ukagongwa.

"Mtani," ilikuwa sauti ya Gervas. "Nimekuja kuukomboa ubao. Na nina neno na wewe, siyo la utani."

Nikaiondoa kanda kwenye redio. Nikaitia kifuani, ndani ya koti la marehemu. Nikauinua ubao kwa mkono mmoja.

"Mama Getrude," nikasema, "shika mawili, uchague moja. La kwanza, Jumamosi kanda hii inapigwa jukwaani yote, mpaka utepe wa mwisho, na jina la mumeo na lako. La pili, unafungua mlango huu sasa hivi, unasimama mbele ya watu, na unaimba ubeti wa kwanza. Hapo kila mtu ataitambua sauti ya kanda, hatahitajika mtani kueleza chochote."

"Nimefiwa leo, Dorika." Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu.

"Mimi nilifiwa mwaka tisini na moja."

Alikaa. Gervas akagonga tena.

Kisha Anastasia akainuka, akaishusha kanga kutoka kichwani, akajifunga kiunoni. Akajaribu koo kidogo, sauti ikatoka na kutu. Getrude, binti yake, alikuwa amesimama kwenye baraza na mtoto mgongoni, karibu kabisa na mlango, na mama yake alijua hilo kama nilivyojua mimi.

Akafungua. Watu wote uani wakageuka kumtazama mjane, na Gervas akavua kofia.